Walichokata Kwenye Picha

8 Machi 2004, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne, kabichi zikiwa nusu zimefika barabarani na nusu bado bondeni. Mzee Ismaili, mwenye shamba, alisema tuendelee, tukaendelea. Kazi yangu ni kupandisha matenga hadi yanapopakia malori ya Dar. Tenga la kabichi likilowa ni kama kubeba ndama aliyekufa.

Naandika ili mkono usisahau. Niliishia darasa la tano Kasulu, kwetu sisi Waha, baba akasema kalamu haishibishi, nikapanda treni kuja kukata mkonge Korogwe kama alivyofanya babu. Shamba la mkonge likauzwa kwa mtu binafsi, tukapunguzwa, nikapanda mlima. Mwaka wa tatu sasa niko huku juu Kwai, milima ya Lushoto, na baridi yao bado sijaizoea. Mke wangu Jenoveva yuko nyumbani na watoto.

Nalala kwenye chumba cha mbolea nyuma ya nyumba ya Mzee Ismaili. Ana mkewe Bi Mwajuma, mwanawe Issa, na mke wa Issa, Tatu, mwenye mimba ya kwanza. Tatu ni mfupi, kifuani kwa mumewe hafiki. Ndiye anayetuletea uji shambani.

"Shikamoo, baba Paskali. Leo uji una sukari, usimwambie mama."

"Marahaba. Nitamwambia ulikuwa mchungu."

"Ukimwambia hivyo, kesho nauleta mchungu kweli."

Ana umri wa binti yangu mkubwa.

11 Machi

Mvua. Kabichi. Mgongo.

16 Machi, Jumanne

Hassani wa hapa kijijini ameleta dishi. Amelifunga juu ya paa la ghala la ushirika, lile ambalo zamani walikuwa wanapimia kahawa. Ushirika umekufa, ghala amepangishwa yeye. Ameweka mabenchi, jenereta, televisheni na kipaza sauti. Picha zikiwa za Kiingereza yeye anatafsiri. Alisoma Tanga mpaka kidato cha pili, na hakuna mwingine hapa wa kumsahihisha.

20 Machi, Jumamosi

Nilikwenda kwa ajili ya mpira. Mawimbi yakakatika, Hassani akawa anazungusha kutafuta kitu cha kutushikilia, akaangukia wazungu wanazaa.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ni mchezo wa kuigiza. Hassani akasema hapana, hawa ni watu kweli, hii ni mimba kweli, wamekubali kupigwa picha. Mwanamke yuko nyumbani anakunja nguo za mtoto. Chupa ya uzazi inapasuka jikoni, anacheka. Mume anachukua begi, wanaingia kwenye gari. Kufumba na kufumbua yuko kitandani, chali, taa zimemwelekea, miguu imewekwa juu ya vyuma. Mwenye kamera amesimama pale ambapo kwetu hata mama mzazi anapaombea ruhusa. Na muziki unapigwa. Akianza kusukuma wanakata, wanaonyesha tangazo la sabuni. Wakirudi, bado anasukuma.

Pale penyewe wameweka kitu kama ukungu, usione.

"Toa ukungu, Hassani!" wakapiga kelele.

"Ndugu zangu, ukungu wa Lushoto umefika mpaka Ulaya!"

Ghala zima likacheka. Watu wazima, wenye wake, wengine wenye wajukuu. Hassani akanogewa na kipaza sauti. "Anasema hivi: Daktari, nakufa! Daktari anamjibu: Ulipokuwa unaitafuta uliniita?" Wakacheka tena. Yule mwanamke akapiga ukelele mrefu wenye maneno ndani yake. Hassani akainua mkono. "Sikilizeni! Hapo anataja. Anasema, si ya mume wangu, ni ya jirani! Ametaja! Haya, huyooo!" Mtoto akatokea, safi, mnene, kama amenunuliwa dukani.

Hakuna aliyecheka mara hiyo. Walisema tu, "Eeh." Jirani yangu kwenye benchi, mzee mzima, akatikisa kichwa: "Kumbe hata wao."

Nikatoka nje nikatema mate. Nimeona ng'ombe wakizaa na mbuzi wakizaa, na sikuwahi kuona mtu akitoza kiingilio.

27 Machi

Nilirudi kwa ajili ya mpira. Wakaanza na wazungu. Nikasubiri nje mvuani mpaka waishe, kama mjinga.

30 Machi, Jumanne

Tatu ametoka kliniki. Nesi amemwambia yeye ni mfupi na nyonga ni nyembamba, asijaribu kuzalia nyumbani. Kabla mwezi wa nne haujaisha awe ameshuka Lushoto kwa shangazi yake, karibu na hospitali, asubirie huko.

Jioni ilijadiliwa jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni nikinoa jembe, walikuwa wanaingia Kishambaa na kutoka, lakini kwa miaka mitatu nimeshaokota cha kutosha.

"Akae Lushoto mwezi mzima afanye nini?" Bi Mwajuma alisema. "Maharage yangu atachuma nesi?"

Issa akacheka. "Mama, hawa manesi ni wa kizamani. Wenzetu wanasubiri chupa ipasuke, ndipo wanaingia kwenye gari. Tangazo la sabuni likija mara mbili, mtoto huyo. Chupa ikipasuka nitaita gari la Danieli."

"Hayo umeyaona wapi?" aliuliza baba yake.

"Kila mtu ameyaona, baba. Wewe tu ndiye hutaki kuja."

Mzee Ismaili aliinuka akanipita mlangoni. Nilimwona dhaifu. Mtu anayetupigia kelele kwa tenga moja kudondoka, kwa hili akanyamaza.

7 Aprili

Tatu alikaa kwenye tenga lililopinduliwa, uji mkononi.

"Baba Paskali, ni kweli kwenye ile picha mume anasimama pale pale?"

"Ni kweli."

"Anamshika mkono?"

"Anamshika."

"Na hakimbii?"

"Hakimbii. Lakini kuna mtu na kamera anamtazama."

Akacheka mpaka uji ukamwagika. "Issa hata apewe kamera tatu, atakimbia." Kisha akatazama barabara. "Lakini ningependa kujua kama angesimama."

Katika uchafu wote ule yeye ameokota hilo moja.

11 Aprili, Pasaka

Niliondoka giza bado, nikafika misheni ya Gare mahubiri yameshaanza. Njia nzima matope. Nilisali kidogo, nilimwaza mama zaidi.

Mama yangu alikufa akizaa. Nilikuwa na umri wa kuchunga mbuzi. Kwetu mtoto akikwama husemwa mama anaficha mwanamume, na hafunguki mpaka amtaje. Shangazi zangu walikuwa kichwani kwake wakimwambia, "Taja, Anastazia, taja utufungulie mtoto." Baba alikuwa nje na fimbo, akimsubiri huyo atakayetajwa. Mama hakuwa na wa kumtaja. Alikufa jua likizama, na mtoto wake ndani. Mpaka leo kwetu wanasema alikuwa na kiburi.

Kwa hiyo ninaposema ile picha inanitia kichefuchefu, si kwa sababu ya damu. Damu wanaificha.

15 Aprili

Mvua haijakatika. Mashuka hayakauki. Kila kitu kinanuka mbolea, na mimi pia.

19 Aprili, Jumatatu

Mlima umeporomoka kwenye kona ya mikalitusi. Barabara yote imekwenda bondeni na mti wa umeme juu yake. Malori hayafiki. Kabichi tulizokwisha kukata zimelundikwa kando ya njia.

24 Aprili, Jumamosi

Kabichi zinaoza. Majani ya nje yanageuka kamasi, ya ndani yanatoa maji ya kahawia, na harufu inaingia mpaka kwenye ugali. Kazi hakuna, basi ghala linajaa tangu mchana.

Sasa wamekuwa mabingwa. Wanabishana kama wanavyobishana juu ya timu. Huyu atamaliza kabla ya tangazo. Huyu mvivu, tazama anavyolala. Huyu ana siri, ndiyo maana anachelewa. Mwanamke anayekazana mbele yao hajui kama kuna watu juu ya mlima huku wamekaa kwenye mabenchi ya ghala la kahawa wakimpangia adhabu.

Hassani sasa anawatajisha kila wiki. Picha isipokuwa na ukelele anautia mwenyewe. Nilimfuata nje akiongeza mafuta kwenye jenereta.

"Hassani, kweli wanasema hayo?"

"Muha bwana! Watu wamekuja kufurahi. Nikikaa kimya watakwenda kulala."

"Sikuulizia hayo."

"Kile Kiingereza cha puani, hata aliyenifundisha asingekielewa." Akacheka. Ana meno mazuri.

Alhamisi mchana siku hizi ni zamu ya akina mama. Bi Mwajuma alirudi ameshika shavu. Namheshimu mama huyu, aliwahi kuniuguza malaria wiki nzima. Aliniambia, "Bibi yetu alikuwa anatuambia hayo ya kutaja, nikadhani ni ya watu wa msituni. Kumbe dunia nzima. Nimeona kwa macho yangu, Paskali. Anataja, anazaa."

Nikamwambia mama yangu mwenyewe hakuwa na wa kumtaja. Akanipa pole. Kwa upole kabisa akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, ungejuaje?"

30 Aprili

Mwezi wa nne umeisha. Tatu yuko bado, anachuma maharage. Mzee Ismaili alisimama ukingoni mwa shamba, akasema bila kumtazama mtu, "Mwezi ule wa tatu angeshuka hata kwa miguu."

4 Mei, Jumanne

Chupa imepasuka asubuhi shambani. Issa alikimbia kuita gari. Alikimbia mpaka kwenye kona, akasimama mbele ya lile shimo, akarudi polepole.

Wanawake wamemwingiza ndani. Mimi niko chumbani kwangu. Ukuta ni mmoja.

6 Mei, Alhamisi. Barazani, hospitali

Nimeomba kalamu kwa mlinzi. Daftari lilikuwa kwenye koti. Bega langu la kulia limechimbika, naandika nimeegemea kushoto.

Jumanne ilipita yote na usiku wake. Jana asubuhi mkunga wa kijiji, Bibi Nasra, alitoka nje akaosha mikono akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi nimefika mwisho wangu. Kichwa kimekwama. Mpelekeni." Kikongwe huyu nilikuwa namdharau kwa sababu ananusa ugoro. Hakuwahi kukanyaga ghalani. Ndiye peke yake aliyesema neno la maana.

Mzee Ismaili alikuwa ameshatoa kitanda cha kamba uani, amekata mikalitusi miwili, anaichuna gome. Machela. Wanaume wakakusanyika kama desturi ya hapa. Mgonjwa wa mmoja ni mgonjwa wa wote, na sijawahi kuona mtu akiitwa mara mbili. Hassani alikuwepo. Wale wa benchini wote walikuwepo.

Bi Mwajuma akasimama mlangoni.

"Hatoki na kifungo," alisema. "Ataje kwanza. Mkimbeba na siri yake atawafia njiani."

Nikangoja wamcheke. Wakatazamana. Mmoja akaweka chini ncha ya mti aliyokuwa ameshika. Mwingine akasema, "Mama anasema kweli. Damu itakuwa ya kwetu."

"Bebeni!" Mzee Ismaili alisema.

Hawakubeba. Issa akaenda mlangoni, akapiga ubao kwa ngumi. Alikuwa analia, nisimsingizie. Alikuwa analia na kupiga kelele pamoja.

"Taja, Tatu! Taja uzae! Wenzako wote wanataja!"

Wenzako. Alimaanisha wale wa kwenye kioo.

Nikamshika Hassani shati. "Waambie ulikuwa unatunga."

Uso wake ulikuwa wa majivu. "Nikisema leo nani ataniamini? Na mimi najuaje, Paskali? Labda walikuwa wanataja kweli."

Ndani walikuwa wanamwambia kwa sauti ya kubembeleza, sauti zile zile za shangazi zangu. Taja, mwanangu, utufungulie. Halafu sauti ya Tatu ikatoka, ndogo, kavu, kama ya mtu anayejibu hesabu aliyoichoka.

"Paskali. Ni Paskali. Nibebeni sasa."

Watu wakanigeukia.

Alinichagua kwa sababu mimi si wa hapa. Sina ukoo wa kuaibika, sina shamba la kugombaniwa. Angemtaja kijana wa kijiji, angeanzisha vita. Nililiona hilo mara moja, na niliona la pili: nikikataa, watarudi mlangoni kumuuliza upya, na jua limeshapanda.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Bebeni."

Issa akanipiga mdomoni, nikaanguka kwenye matope. Akainua mguu. Baba yake akamdaka.

"Utampiga kesho," alisema Mzee Ismaili. "Leo ana mabega."

Basi tukambeba. Mbele Mzee Ismaili na Hassani, nyuma mimi na Issa, wengine wakifuata kupokezana. Walimfunika na nailoni ya kufunikia kabichi. Mti wangu ulikuwa na kifundo cha tawi ambacho hakikuchunwa vizuri, kikaniingia begani, na sikuthubutu kubadilishana kwa sababu njia haina nafasi ya watu kupishana. Kwenye kona iliyoporomoka tulishuka kwa makalio, kitanda tumekiinua juu ya vichwa, udongo ukikimbia chini yetu. Issa aliteleza. Nilimshika ukosi. Tulitazamana hapo, pumzi zetu zikigongana, kisha tukaendelea.

Damu ilikuwa inapita kwenye kamba. Hassani akageuka akaiona. Njia ilipopanuka mwingine akampokea mti, akaenda pembeni akatapika. Hakukuwa na ukungu wala muziki. Hakuna aliyeomba aone.

Mkono wa Tatu ukatoka chini ya nailoni ukashika mti karibu na shingo yangu.

"Nisamehe, baba," alisema.

"Tunza pumzi."

Issa alisikia. Nilimwona akilisikia lile neno, baba, na nilimwona akilibeba pamoja na mti mpaka chini.

Ng'ambo ya maporomoko tulipata gari la maziwa. Hospitalini daktari alikuwa mwanamke, kijana, macho mekundu kwa kutolala. Akafunua nailoni.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Na mlikuwa wapi mpaka sasa?"

Hassani, akitazama viatu vyake, akasema, "Tulikuwa tunasubiri ataje."

Yule daktari akatutazama mmoja mmoja kama tunavyozitazama zile kabichi. Wakamwingiza chumba cha kupasulia.

Mtoto ni wa kike, amelia. Tatu yu hai. Niliambiwa leo alfajiri na mfagiaji, kwa sababu hakuna mwingine anayeongea nami.

9 Mei, Jumapili

Nimepanda kuchukua vitu vyangu. Mzee Ismaili alinikuta nafunga kifurushi.

"Hukufanya," alisema.

"Sikufanya."

"Najua. Ukuta ule ni wa udongo, nasikia mpaka unavyokoroma."

"Basi waambie, mzee."

Akakaa juu ya mfuko wa mbolea. "Nikiwaambia wataniuliza mtoto alitokaje. Walimwona amekwama siku nzima. Akataja, akatoka. Utawafundisha nini?"

"Alitolewa kwa kisu!"

"Hilo hawakuliona."

Jioni nikaenda ghalani. Nilisimama mbele ya kioo, mwanga mgongoni, nikasema, "Nilidanganya. Yule binti hana kosa. Nilikubali ili mumbebe, maana mlikataa kumbeba." Wakanitazama, nikadhani wamesikia. Kisha mmoja nyuma akasema, "Muha, kama ulidanganya, mtoto alitokaje?" wakacheka kama wanavyocheka siku zote. Nikamtazama Hassani. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Angesema neno moja tu. Akainama akageuza chaneli.

Issa alikuwa benchi la nyuma. Akainuka, akatoka nje bila kumtazama mtu.

10 Mei

Mzee Ismaili amenipa koti lake zito. Alisema, "Huko uendako ni joto, lakini chukua." Bi Mwajuma alifunga mlango nilipopita. Aliyeniuguza malaria.

Nilipitia hospitali. Sikuingia wodini, nilisimama dirishani kwa nje. Issa alikuwa kando ya kitanda, amesimama wima kama mlinzi, mtoto mikononi, hajui amshikeje. Mtoto ana masikio ya Issa yale yale, yaliyotoka nje kama vishikio vya sufuria. Alikuwa anayatazama. Tatu alikuwa anamtazama yeye akiyatazama. Hakuna aliyeniona.

2 Juni. Mnazi

Nimeshuka upande wa pili, tambarare. Napalilia nyanya za mtu. Joto. Koti nimelifanya mto.

9 Juni

Nyanya. Mbu.

20 Juni, Jumapili

Kuna mama anauza chai na maandazi kwenye kijia cha shamba, anaitwa Bi Hawa. Hanijui, ananiita tu "kaka". Leo alikuwa anawaongelesha wapaliliaji huku akikanda unga.

"Huko juu Kwai mwezi jana kuna binti alikwama. Siku nzima. Mama mkwe akamwambia taja. Akamtaja Muha mmoja kibarua wao, na papo hapo, hapo hapo mlangoni, mtoto akatoka. Wazungu nao ndivyo wanavyofanya, imeonyeshwa kwenye televisheni."

"Aliyekuambia nani?" niliuliza.

"Kila mtu anajua. Na mimi binti yangu siku zake zimefika. Nimeshamwambia mkunga, safari hii tusisubiri, tumuulize mapema."

Nikaweka andazi chini. Wamekata Jumanne. Wamekata machela, na kona ya mikalitusi, na nailoni ya kabichi. Wamemkata daktari na kisu chake. Wamebakiza ukelele na mtoto, kama Hassani alivyowafundisha, na katikati hata sabuni hakuna.

"Bi Hawa," nikasema, "Muha huyo ni mimi."

Mikono yake ikasimama kwenye unga. Wapaliliaji wakaguna.

Nikamweleza. Nilianza tangu nesi aliposema nyonga nyembamba, sikuruka kitu. Nilimweleza damu ilivyopita kwenye kamba. Nilimweleza wanaume walivyoweka miti chini. Nilimweleza mama yangu, Anastazia, ambaye hakuna aliyembeba. Wapaliliaji waliondoka mmoja mmoja, hawakupenda. Yeye alibaki.

Nilipomaliza alinitazama vibaya.

"Wewe unasema uliwadanganya watu wa juu."

"Niliwadanganya."

"Sasa nitajuaje kama hunidanganyi mimi?"

Nikafungua kifungo cha shati nikamwonyesha bega. Lile shimo halijaziba vizuri, linatoa maji, na nzi wanalipenda. Lina umbo la kifundo cha tawi. Akainuka, akalisogelea kabisa, uso wake ukakunjamana kwa harufu, lakini hakugeuka. Akanyoosha kidole chenye unga, hakugusa.

"Hii ni alama ya mti wa machela," alisema polepole. "Marehemu mume wangu alikuwa nayo kama hii."

Akarudi kwenye beseni. Akaufunika unga wake kwa kitambaa ingawa maandazi yalikuwa nusu. Akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Kaka, gari la kwenda hospitali ya Lushoto linapita siku gani?"

"Kesho alfajiri."

"Basi twende sasa hivi kwa binti yangu, useme hivyo hivyo mbele ya mkwe wangu. Na hilo bega usilifunike."